Baba ya nyanya alikuja na reli? Usianze na meli, anza na Pangani

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Buruburu na nitalifupisha. Nyanya yake, yaani mamake mama, bado yuko hai. Mamake nyanya alikuwa Mkamba, babake alikuwa Mhindi Mwislamu kutoka Punjab, fundi wa mbao, na hadithi ya familia ni kwamba alikuja kujenga reli. Waliishi Pangani hapa Nairobi, wakahamishwa kwenda Shauri Moyo nyanya akiwa bado mtoto, na mzee akafariki kabla ya Emergency, ile hali ya hatari ya wakati wa Mau Mau. Kilichobaki ni picha moja, risiti ya zamani ya duka yenye P.O. Box ya Nairobi, na jina ambalo kila mjomba analitamka kivyake. Dada anataka jina la meli, mwaka na kijiji. Kuna mtu amemshauri aende Nyayo House aitishe faili ya uhamiaji ya huyo mzee, sasa anauliza kama hiyo ndiyo njia.

Dadangu, hapana, ama tuseme si saa hii. Nyayo House ni ya mtu anayetafuta pasipoti yake ama permiti yake leo, ukifika pale kwa kaunta uanze kuuliza habari za mtu aliyeshuka Mombasa karibu miaka mia moja iliyopita watakuangalia tu, na wala si makosa yao. Faili za serikali ya kikoloni, zile zilizobaki, utazitafuta Makavazi ya Kitaifa (National Archives) pale Moi Avenue, na hata huko usidhani kuna kabati lenye majina ya kila Mhindi aliyeingia nchini, limepangwa kutoka A mpaka Z linakungoja wewe. Rekodi za uhamiaji zinamsaidia mtu ambaye tayari anajua anamtafuta nani: jina vile liliandikwa, jina la babake, na mwaka hata kama ni wa kukisia. Wewe bado huna hata moja ya hizo tatu. Kwa hivyo tunaenda kinyumenyume, tunaanza na kifo chake hapa Nairobi, tunarudi kwa maisha yake hapa Nairobi, halafu ndio tufike Mombasa na baharini.

Lakini kabla ya karatasi yoyote kuna nyanya. Enda umwone wiki hii, usingoje Disemba. Na usimuulize "babako alitoka wapi", hilo swali ameulizwa na kila mtu maisha yake yote na jibu lake limeshakauka. Muulize ni nani walimwosha mzee alipokufa, alisaliwa msikiti gani, nani alitoa pesa ya sanda. Muulize kama barua zilikuwa zinakuja kutoka nje, nani alikuwa anazisoma, na baada ya mzee kufa nani aliandika kuwajulisha watu wa kwao. Alikuwa anafanya kazi kwa mtu ama alikuwa na karakana yake? Kulikuwa na Mhindi mwingine aliyekuwa anakuja pale nyumbani siku ya Idi? Aliwahi kurudi kwao hata mara moja? Hiyo ya mwisho iwekee alama, tutairudia. Rekodi na simu, na akianza kuenda kando na stori za majirani wa Pangani mwache aende, sababu jina la mwenye nyumba ama la rafiki wa mzee lina kazi kubwa huko mbele kuliko jina la mzee mwenyewe ambalo limeshapinda.

Umesema ID ya nyanya imeandikwa 1930 na yeye mwenyewe anasema alizaliwa wakati wa nzige. Nzige walisumbua hii nchi kuanzia 1928 hadi 1931, kwa hivyo hapo wanaelewana, ingawa mwaka wa kwenye ID ya mtu wa rika lake mara nyingi ni karani alikisia tu akimwangalia uso. Na hili la Pangani na Shauri Moyo ni dhahabu, sijui kama unajua. Kile kijiji cha zamani cha Pangani kilibomolewa mwisho wa miaka ya 1930 na wakaaji wengi wakapelekwa Shauri Moyo, mtaa ambao ulijengwa karibu 1938 kwa ajili hiyo. Kwa hivyo tayari tuna mzee akiwa hai ama familia yake ikiwa pamoja karibu 1938 au 1939, na Emergency ilitangazwa Oktoba 1952. Kifo chake kiko hapo katikati. Miaka kumi na tatu hivi. Hiyo ni sehemu ndogo sana ya kutafuta, watu wengine huniletea karne nzima.

Sasa hii ya kujenga reli. Karibu kila familia Nairobi yenye damu ya Kihindi inasema mzee alijenga reli, na mimi siwezi kumwambia mtu hadithi ya nyumbani kwao ni uongo, lakini tupige hesabu. Reli ilianza Mombasa 1896, ikafika Nairobi 1899 na Kisumu 1901. Walioletwa kutoka India kwa mkataba walikuwa karibu 32,000, wengi wao Wapunjabi, wakipandia meli Karachi. Karibu 2,500 walikufa, wengi wa waliobaki walirudi kwao mkataba ukiisha, na waliokaa huku hawakufika 7,000. Kama mzee wenu alikuwa na miaka ishirini reli ikifika Nairobi, basi nyanya anazaliwa yeye ako na hamsini na moja. Inawezekana, wanaume huzaa hata wakiwa wazee, lakini mimi ningeweka pesa yangu kwa mtu aliyekuja baadaye, miaka ya 1910 ama 1920, akaajiriwa kwa karakana za reli hapa Nairobi ama akafuata ndugu aliyetangulia. Kwa hadithi za nyumbani kufanya kazi reli na kujenga reli huwa kitu kimoja. Kama ungeanza na meli ungetafuta 1898 mpaka uchoke, na mtu mwenyewe labda hata alikuwa hajazaliwa.

Halafu jina. Hapa ndio watu wengi hupotelea. Mwislamu wa Punjab wa wakati ule mara nyingi hana jina la ukoo vile sisi tunafikiria, majina yake mawili yote ni yake, na kinachomtofautisha na wengine ni jina la babake, linaloandikwa na alama ya s/o katikati, yaani "son of", mwana wa. Kwa hivyo kutafuta "familia ya Din" ama "familia ya Baksh" ni kupoteza bando, hao ni maelfu wasio na uhusiano wowote. Na karani wa Kiingereza aliandika alichosikia. Mohamed utaikuta Mahomed, Mohammad, Mohd, ama Md peke yake. Din utaikuta Deen. Baksh utaikuta Bakhsh, Buksh, hata Bux. Ghulam utaikuta Gulam na Golam. Chukua karatasi uandike vile kila mjomba anatamka, halafu chini ya kila moja andika njia zote ambazo Mwingereza angeweza kuiharibu, na hiyo karatasi utatembea nayo kila mahali, kila unapotafuta unajaribu zote, si ile moja unaipenda.

Haya, dairektori. Hizi ni vitabu vya mwaka vilivyokuwa vinachapishwa vikiwa na majina ya watu, kazi zao, maduka, masanduku ya posta na matangazo ya biashara. Kuna ile ya Drumkey ya 1909 iliyochapishwa Bombay, kuna Red Book iliyotolewa na watu wa gazeti la Standard kuanzia 1912, halafu zikafuata zingine, na baadaye vitabu vya simu. Kitu cha kuelewa kuhusu hizi dairektori ni kwamba zilikuwa biashara, zilitengenezewa mtu wa kununua na kuuza. Mzungu aliwekwa kwa jina na cheo hata kama alikuwa karani tu. Mhindi aliwekwa akiwa na duka ama kampuni. Mwafrika karibu hayuko kabisa, na fundi wa Kihindi anayekaa Pangani na mke Mkamba, huyo usitarajie kumwona. Ukimkosa, usiandike kwa daftari yako "hakuwa Nairobi mwaka huu", andika "hakuwa na duka mwaka huu", hayo ni mambo mawili tofauti kabisa na nimeona watu wakijenga hadithi nzima ya familia juu ya ukurasa ambao jina halikuwa.

Kwa hivyo kwa dairektori usimtafute yeye, tafuta duka la kwenye risiti. Hapo unaweza kushinda. Duka lina jina, lina mtaa, lina box. Angalia mwaka wa kwanza linatokea na mwaka wa mwisho, hapo unapata kipindi cha risiti yako. Majina ya barabara yamebadilika, so ukiona Government Road hiyo ni Moi Avenue, Hardinge Street ni Kimathi Street, Victoria Street ni Tom Mboya, Bazaar Street ndio Biashara Street, Sadler Street ni Koinange, Delamere Avenue ni Kenyatta Avenue. River Road imebaki River Road. Na geuza ile picha nyuma, studio za zamani zilikuwa zinagonga muhuri wao nyuma ya picha, na studio nazo ziliwekwa kwa dairektori na matangazo yao, mara nyingine picha inapata mwaka wake kwa njia hiyo kabla mzee hajapata wake.

Kuhusu lile box, pole pole. Sanduku la posta halimaanishi mtu mmoja, na wewe Mkenya unajua hii bila kuambiwa, mpaka leo tunatumia box ya shule, ya kanisa, ya mjomba anayefanya kazi posta. Mzee anaweza kuwa alipokea barua kupitia box ya mwajiri wake ama ya mwenye duka wa kwao Punjab. Lakini hiyo ndiyo raha yake. Ukijua box ilikuwa ya nani umejua mzee alikuwa karibu na nani, na huyo mwenye duka, kwa sababu alikuwa na mali, ameacha karatasi nyingi kuliko fundi. Mfuate huyo. Mara nyingi watu wa kijiji kimoja walifuatana, mmoja anaita mwingine, kwa hivyo kijiji cha mwenye box kinaweza kuwa ndicho kijiji unachotafuta, hata kama bado ni dhana ya kuthibitisha.

Hizo dairektori na magazeti ya zamani zitafute Maktaba ya McMillan pale Banda Street, ile jengo yenye simba wawili mlangoni, imekuwa hapo tangu 1931, na pia maktaba ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Piga simu kwanza uulize kama sehemu unayotaka iko wazi.

Sasa kama ungenilazimisha nichague kitu kimoja tu, ningeacha dairektori zote nichague Gazeti la Serikali. Ile Kenya Gazette, ambayo ilianza 1899 kama gazeti rasmi la himaya za Afrika Mashariki na Uganda na haijawahi kuacha mpaka Ijumaa iliyopita. Watu wanadhani ni ya kutangaza uteuzi wa mawaziri peke yake. Kumbe ndani kuna leseni za biashara, watu waliofilisika, washirika waliovunja kampuni, waliopoteza hati za ploti, waliobadilisha majina kwa kiapo, na zaidi ya yote matangazo ya mirathi. Tofauti na dairektori ni kwamba hapa hakuna aliyelipia kujionyesha, ni sheria ilikuwa inalazimisha. Fundi maskini asiyeweza kuingia Red Book anaweza kuingia Gazette siku ya kufa kwake kwa sababu tu aliacha mshahara ambao haujalipwa, pesa kidogo posta na sanduku la vifaa.

Tangazo la mirathi linakaa hivi: jina la marehemu, mahali alikuwa anakaa, tarehe na mahali alifia, na jina la anayeomba kusimamia mali pamoja na uhusiano wake, kama ni mjane, mtoto, ndugu ama msimamizi wa umma. Soma hapo tena. Uhusiano wake. Kama aliyeomba ni ndugu, tayari una jina la pili la familia. Kama aliyeomba yuko India kupitia wakili wa Nairobi, una mji. Na zingine zinataja kijiji na wilaya ya marehemu, si zote, lakini zipo. Na uwe tayari kwamba mke Mkamba anaweza asitajwe kabisa, mali ikaombwa na mpwa fulani ambaye nyanya hajawahi kumsikia. Itauma kidogo lakini kwa utafiti ni sawa tu, kwa sababu mpwa ana jina la babake.

Google Books iko na matoleo mengi sana ya Gazette yakiwa wazi kusoma bure, na tovuti ya Kenya Law nayo ina mkusanyo mkubwa. Ukitafuta, usiandike jina lote zima. Kompyuta ilisoma karatasi iliyochakaa na inakosea herufi, kwa hivyo jaribu nusu ya jina pamoja na neno "Pangani" ama "carpenter", ama box namba na neno "Nairobi", halafu ubane miaka kutoka 1938 hadi 1953, nasema 1953 sababu mirathi ilikuwa inachelewa, mtu anaweza kufa leo na tangazo likatoka mwaka ujao ama hata zaidi. Ukikosa kwa kutafuta neno, kaa chini usome kurasa za mirathi toleo kwa toleo. Inachosha, najua. Lakini miaka kumi na tano ya kurasa za mirathi ni kazi ya mwezi mmoja wa jioni zako na chai, si ya maisha.

Ukipata tangazo limeandikwa namba ya kesi, hapo ndio unaenda Makavazi ya Kitaifa na kitu mkononi. Beba ID, penseli na daftari, ada ni ndogo, uliza pale kwa dawati la wasomaji. Utaomba faili ya mirathi yenyewe. Kisheria rekodi za serikali zilizopita miaka 30 ziko wazi kwa umma, kwa hivyo usiogope kuuliza ati pengine ni siri. Faili ya mirathi ikiwepo inaweza kuwa na orodha ya mali, barua, kiapo cha ndugu, na wakati mwingine barua yenyewe kutoka kijijini. Faili ikikosekana, ile ya Gazette bado ni yako.

Ukiwa hapo hapo Makavazi omba pia mambo ya Pangani, barua na ripoti za ofisa wa manispaa aliyesimamia Waafrika, za kati ya 1936 na 1940, sababu kubomoa kijiji kulileta mabishano ya nani ana nyumba na nani alipwe nini. Serikali ilipanga watu kwa rangi na ikapanga faili zake vivyo hivyo, na nyumba ya nyanya yako ilianguka katikati ya kabati mbili, so lazima ufungue zote, za Wahindi na za Waafrika. Usikate tamaa wakikuambia watu kama hao hawakuwepo. Ghorofa ya chini ya hilo jumba ni mkusanyo wa Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa rais 1966, babake Mgoa mfanyabiashara na mamake Mmaasai.

Cheti cha kifo nacho ukitafute. Usajili wa vizazi na vifo ulianza hapa 1904 kwa Wazungu, Wahindi wakafuata baadaye kidogo, na kwa Waafrika haukuenea nchi nzima mpaka 1971. Maana yake nyanya pengine hana cheti cha kuzaliwa cha wakati ule, lakini mzee kwa kuwa alihesabiwa Mhindi na alifia mjini, kifo chake kilitakiwa kuandikwa. Cheti hicho kina umri. Umri unakupa mwaka wa kuzaliwa, na hapo hadithi ya 1899 inasimama ama inaanguka. Ndoa za Kiislamu pia zilikuwa na sheria ya kuandikishwa tangu 1906, kwa hivyo kama walifunga ndoa mbele ya kadhi uliza kwa kadhi, na kama nyanya atataja msikiti uliza wazee wa msikiti huo kuhusu vitabu vya mazishi. Makaburi ya Waislamu Kariokor, enda na mtu anayesoma Kiurdu, mawe ya zamani mengine yana jina la baba na hata mahali mtu alitoka.

Kwa upande wa reli sitakaa sana. Shirika limebadilisha mikono mara nyingi, kutoka Uganda Railway mpaka ya Kenya na Uganda, mpaka East African Railways and Harbours ya 1948, mpaka Jumuiya ikavunjika 1977, na karatasi za mafundi wa chini hazikutunzwa kama za maofisa. Makumbusho ya Reli hapo Nairobi, iliyofunguliwa 1971, ni pazuri pa kuuliza na pia ni pazuri pa kumpeleka nyanya. Ila usiweke matumaini yako yote hapo.

Sasa meli, maana najua ndiyo ulitaka. Ukiingia mitandao ya kulipia ya ukoo utaonyeshwa orodha za abiria nzuri sana zenye majina, umri na kazi, na utatozwa pesa. Soma vizuri hizo ni orodha za nini. Ni za Uingereza: walioingia bandari za Uingereza kutoka 1878 hadi 1960 na waliotoka kutoka 1890 hadi 1960. Zinamfaa mtu ambaye babu yake alikuwa Mzungu, ama wakili Mhindi aliyesomea London. Fundi aliyepanda meli ya kampuni ya British India kutoka Bombay hadi Mombasa hakupita karibu na Uingereza hata kidogo, kwa hivyo hayuko humo na hatakuwa humo hata ukilipa miaka mitano. Magazeti ya hapa, kama lile African Standard lililoanzishwa Mombasa 1902 na A. M. Jeevanjee na baadaye likawa East African Standard, yalichapisha majina ya abiria, lakini wa daraja za juu. Waliolala sitaha walihesabiwa tu. Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia watu wengi walisafiri bila pasipoti, kwa hivyo hata ile safari ya kwanza unayoiota pengine haikuacha karatasi yenye jina lake.

Ndio nikasema uweke alama pale kwa swali la kurudi kwao. Mtu aliyeenda India kutembea katika miaka ya 1920 ama 1930 na akataka kurudi Kenya alihitaji karatasi, pasipoti ama cheti cha kuonyesha anaishi huku, na sheria za kuingia zilikuwa zinakazwa kila baada ya muda, kuanzia ile ya 1906 mpaka ile kali ya 1948. Safari ya pili ndiyo yenye uwezekano wa kuacha alama. Kama nyanya atasema "alienda mara moja mimi nikiwa mdogo akakaa mwaka mzima", basi hapo una mwaka, na hapo sasa, ukiwa na jina lilivyoandikwa na s/o yake, ndio swali lako la uhamiaji linakuwa swali ambalo mtu wa Makavazi anaweza kulijibu.

Kijiji kikitokea, angalia kiko wilaya gani na wilaya iliangukia wapi, kwa sababu Punjab iligawanywa 1947. Kama ni Jalandhar, Hoshiarpur ama Ludhiana hiyo ni India ya leo, na Waislamu wa huko karibu wote walihamia Pakistan mwaka huo, kwa hivyo ardhi iko upande mmoja na jamaa zako wako upande mwingine. Kama ni Sialkot, Gujrat ama Lahore basi kila kitu kiko Pakistan. Vijiji vya Punjab vina rekodi za ardhi zenye mti wa ukoo wa wenye mashamba, wanaita shajra nasab, lakini ni za wenye ardhi na zinafunguka kwa jina la baba na babu, unaona tunarudi palepale. Wasomaji wengine ambao wazee wao walikuwa Wahindu wa Punjab, nyinyi mna bahati ya vitabu vya ukoo vinavyotunzwa na makuhani wa Haridwar, mji mtakatifu wa Wahindu huko India. Wagoa wana rejista za ubatizo na hifadhi ya nyaraka ya Panaji, na wakumbuke Goa ilikuwa ya Wareno mpaka Desemba 1961, kwa hivyo pasipoti ya babu inaweza kuwa ya Kireno.

Kitu cha mwisho, na hiki umwambie mama yako mapema kabla hujaanza kuchimba. Wanaume wengi waliokuja peke yao waliacha mke kwao, na wengine walikuwa wakituma pesa huko mpaka kufa. Faili ya mirathi haifichi hayo. Inawezekana nyanya ana ndugu wa baba mmoja ama watoto wao, Lahore ama hata Birmingham, maana wengi wa upande huo walihamia Uingereza miaka ya 1960. Amueni kama familia kama mnataka kujua, na nyanya aulizwe kwanza, ni babake.

Ukipata jina kwa Gazette niandikie tena, na uniandikie herufi kwa herufi vile zilivyo hata kama zinaonekana zimekosewa, pamoja na tarehe ya toleo na namba ya ukurasa. Usirekebishe kitu.